JINSI MIMEA IPATAVYO WATOTO: MATUNDA, MBEGU NA SPORA
Maneno ya hotuba kwa wenye bustani ndogo wa Kibera na Kawangware, Nairobi



Mtu apitaye katika vichochoro vya Kibera baada ya mvua ya masika huona jambo ambalo pengine halimshangazi tena kwa kuwa amelizoea. Juu ya jaa la takataka, kati ya mabati yaliyoshika kutu na vitambaa vilivyooza, humea mche wa avokado. Hakuna aliyeupanda. Mtu alinunua tunda sokoni, akalila pamoja na githeri yake, akatupa kokwa. Nayo kokwa ikapasuka, ikateremsha mzizi, ikainua shina. Watoto huung'oa kwa mchezo, au mbuzi huula, au hupondwa kwa miguu ya wapitao. Lakini ukienda jaa la pili utaukuta mwingine. Mti ulioko mashambani Murang'a au Kisii umekwisha kupata mtoto mjini, na aliyembeba mtoto huyo ni mnunuzi, bila kujua kwamba amekuwa mchukuzi.

Jambo hilo dogo lafaa kufikiriwa. Watu wengi hudhani ya kuwa tunda ni chakula ambacho mti humwandalia mwanadamu, au ndege, au tumbili. Sivyo. Tunda ni kifuko cha kuchukulia watoto. Mti hauwezi kwenda. Umefungwa na mizizi yake mahali pale pale hata ufe. Tena watoto wake wakianguka wote chini yake watanyang'anyana jua na maji, wao kwa wao na pamoja na mama yao, nao watadhoofika. Kwa hiyo hauna budi kutafuta mchukuzi, na mchukuzi hafanyi kazi ya bure. Nyama tamu ya embe, ya papai au ya pera ndiyo ujira wake. Ndiyo sababu matunda mengi yakiwa mabichi huwa machungu au makali, na rangi yake huwa kama ya majani, yasionekane. Maana mbegu zilizomo hazijakomaa, na mti hautaki zichukuliwe bado. Zikiisha kukomaa, tunda hugeuka rangi, hulainika na kunukia, kama mchuuzi afunguaye kibanda chake na kupanga mali mbele ili wapitao waone.

Sasa, kuna haja gani ya kuyaeleza hayo kwa watu wa Kibera na Kawangware, ambao wengi wao hawana shamba? Haja iko. Jina la Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu au pori, nalo lilitolewa na askari wa asili ya Sudani waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu huo umekwisha ondoka, ila ule uliobaki upande wa Ngong. Mahali pake pamekuwa nyumba zilizobanana hata mtu hana nafasi ya kutandika mkeka nje ya mlango wake. Lakini watu hawakuacha kulima. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa adimu na ghali, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilisaidia jamaa nyingi za Kibera mwaka 2008 kupanda mboga katika magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati huwekwa nguzo ya mawe ya kupitishia maji, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia moja lisilochukua nafasi zaidi ya kiti hulisha mboga watu wa nyumba nzima kwa majuma mengi. Huko Kawangware nako, penye kipande cha ardhi kati ya nyumba na mfereji, hapakosi mahindi, mnavu, maboga na mgomba mmoja au miwili.

Zao la kwanza la gunia ni sukuma wiki, nayo haileti taabu katika jambo hili, kwa kuwa huliwa majani. Mtu huchuma majani ya chini, nayo ya juu huendelea kuota, wala haoni ua hata mara moja. Taabu huanza pale mwenye gunia atamanipo kitu cha zaidi, akapanda boga au nyanya. Mmea hustawi, majani huwa mapana kama masinia, maua ya manjano hufunguka mengi, na moyo wa mama hujaa furaha. Kisha maua huanguka moja moja, na pengine kiboga kidogo chenye ukubwa wa kidole gumba hugeuka manjano, huoza na kudondoka. Hapo hulaumiwa udongo, hulaumiwa mwuza mbegu, na wako wanaolaumu jicho la jirani. Jirani hana kosa.

Ua ni chumba cha arusi cha mmea. Ndani yake mna sehemu ya kiume, yaani vijiti vyembamba vyenye vichwa vinavyotoa unga wa manjano uitwao chavua. Tena mna sehemu ya kike, yenye kichwa kinatacho juu, na chini yake kifuko chenye vijiyai. Chembe ya chavua ikitua juu ya kichwa kile kinatacho, huota mrija mwembamba sana, usioonekana kwa macho, nao hushuka mpaka kukifikia kijiyai. Hapo mbegu hutungwa. Kijiyai huwa mbegu, na kile kifuko chake huvimba kikawa tunda. Chavua isipofika, mmea huona ya kuwa hakuna mtoto wa kulishwa, nao hulitupa ua. Kwa hiyo ua linaloanguka bila kuacha kitu, mara nyingi, ni ua lililokosa mume.

Katika mimea mingi sehemu ya kiume na ya kike hukaa pamoja katika ua moja. Boga halipendi desturi hiyo. Lina maua ya kiume peke yake na ya kike peke yake, ingawa yote yamo katika mmea mmoja. Ua la kiume lina kikonyo chembamba kirefu. La kike lina kikonyo kifupi, na chini yake mtu huona kiboga kidogo tayari. Ya kiume hutangulia kuchanua, na kwa sababu hiyo maua ya kwanza yakianguka si neno. Ndivyo ilivyo kawaida. Kisha maua yote hufunguka alfajiri, na jua likiwa kali karibu na adhuhuri yamekwisha kunyauka. Katika saa hizo chache ni lazima nyuki apite kwa ua la kiume, ajipake unga, kisha aingie katika la kike. Chavua ya boga ni nzito na yenye kunata. Upepo hauwezi kuichukua.

Basi je, nyuki wako wapi mahali penye mabati kwa mabati, moshi wa makaa, na maji machafu? Wapo, lakini si wengi, nao huenda penye maua mengi, si penye ua moja juu ya gunia. Dawa yake ni mkono wa mwenye bustani. Kabla ya saa tatu asubuhi na achume ua la kiume lililofunguka siku ile, alivue majani yake ya manjano mpaka kibaki kijiti chenye unga, kisha akisugue polepole juu ya kichwa cha ua la kike. Ua moja la kiume latosha kwa mawili au matatu ya kike. Baada ya siku chache kiboga kilichopata chavua ya kutosha huanza kunenepa, na kile kilichokosa huoza. Kazi hiyo haihitaji fedha wala chombo, na mtoto wa shule aweza kuifanya kabla ya kwenda darasani.

Nyanya ina tabia nyingine. Ua lake lina kiume na kike ndani, tena chavua yake imefungiwa katika vifuko vyenye matundu madogo kama ya kitikisio cha chumvi. Isipotikiswa haitoki. Huko mashambani upepo huutikisa mmea, na wako nyuki wa mwituni walishikao ua na kuvuma juu yake mpaka unga ukamwagika. Katika uchochoro usiopata upepo, mwenye gunia aweza kukigonga kikonyo cha maua kwa kidole, mchana kukiwa kukavu, siku hata siku wakati wa kuchanua. Na mwenye kunyunyiza dawa ya wadudu asinyunyize asubuhi maua yakiwa wazi. Anyunyize jioni, nyuki wakiwa wamekwisha rudi kwao, la sivyo atamwua mchukuzi pamoja na mwizi.

Mahindi yahitaji kusemwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo chakula cha watu wengi, na makosa yake huonekana wazi. Reli iendayo Kisumu hupita katikati ya Kibera, na kando za reli na za barabara watu hupanda mstari mmoja wa mahindi penye ukanda mwembamba wa udongo. Mahindi hayo hupata urefu, hubeba magunzi, lakini mtu akimenya huona punje hapa na pengo pale, kama kinywa cha mzee. Sababu yake si mbolea. Mhindi una mbelewele juu, nayo ndiyo ya kiume. Na ule ushungi wa nywele utokao kwenye gunzi ndio wa kike. Kila unywele mmoja umefungamana na punje moja. Unywele uliopata chembe ya chavua huzaa punje. Uliokosa huacha pengo. Mbelewele moja hutoa chembe za chavua kwa mamilioni, lakini hutegemea upepo, na upepo hautazami. Mahindi yaliyopandwa mstari mmoja, upepo ukivuma wa kukata mstari, chavua yote huangukia relini. Mwenye miche ishirini ni heri aipande katika mistari minne ya miche mitano mitano, ikae pamoja kama watu wa baraza, kuliko kuinyosha mstari mmoja kama watu wangojao basi.

Hapo huzuka swali la mbegu. Wengi huchagua gunzi zuri, huliweka juu ya moshi, na kupanda punje zake mwaka wa pili. Ni desturi ya wazee, tena kwa mahindi ya kienyeji ni desturi njema. Lakini mwaka 1964 mbegu chotara iitwayo H611, iliyotokana na kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador, ilianza kutolewa kwa wakulima wa Kenya, na tangu hapo machotara mengine mengi yamefuata. Nguvu ya chotara imo katika uzao wa kwanza. Punje zake zikipandwa tena, watoto hutawanyika: huyu amfuata babu wa upande huu, yule bibi wa upande ule, na mavuno hupungua. Si kwamba mwuza duka ameroga mbegu. Ni chavua na vijiyai vinavyochanganyika kila mara upya. Mtu na ajue tu amepanda ipi, kisha aamue.

Mpapai humtia mtu katika kungoja. Mbegu za papai moja zaweza kutoa miti ya kiume, miti ya kike, na mingine yenye yote mawili, wala hakuna awezaye kuitambua kwa kuitazama ikingali michanga. Mti wa kiume huning'iniza vishada virefu vya maua madogo. Wa kike huweka maua makubwa karibu na shina. Kwa hiyo wenye ujuzi hupanda miche mitatu katika shimo moja, hungoja maua, kisha hukata iliyozidi na kuacha mmoja wa kiume wa kutosheleza miti mingi. Wako waliomwagilia mpapai dume kwa muda mrefu, wakautukana kuwa tasa.

Na avokado, ambayo hotuba hii ilianza nayo, ina ajabu kuliko yote. Kila ua lake hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza hufunguka likiwa la kike, tayari kupokea chavua, kisha hujifunga, na siku ya pili hufunguka likiwa la kiume, likitoa chavua. Aina ya Hass huwa ya kike asubuhi na ya kiume alasiri ya siku ya pili. Aina ya Fuerte hufanya kinyume: kike alasiri, kiume asubuhi ya pili yake. Kwa hiyo mahali penye miti ya aina zote mbili, daima huwa pana wa kutoa na wa kupokea kwa saa moja. Ndiyo sababu mtu mwenye mti mmoja tu uani kwake Kawangware huona maua maelfu na matunda kidogo, na jirani akipanda wa aina ya pili, miti yote miwili yaweza kunenepa. Kwa sababu ya kuchanganyika huko, ule mche wa jaani hautazaa tunda lile lile aliloonja mnunuzi. Huenda ukazaa zuri, huenda ukazaa nyuzi tupu, tena baada ya miaka mingi. Atakaye tunda la mama hubebesha kitawi cha mama juu ya mche wa kokwa.

Iko mimea iliyoachana kabisa na shughuli hiyo. Ndizi ziuzwazo sokoni hazina mbegu. Vile vidoa vyeusi vya katikati ni alama ya mbegu zilizokuwa na zisizokuwa tena. Tunda huvimba bila arusi, na mgomba huzaa kwa vichipukizi utoavyo chini. Migomba ya mwituni huko Asia ina mbegu ngumu za kuvunja meno. Faida ya chipukizi ni kwamba mtoto hufanana na mama hasa. Hasara yake ni kwamba ugonjwa uliompata mama utampata mtoto naye, kwa kuwa hawana tofauti. Na watu wa Unguja na Pemba hufanya kinyume cha mkulima wa boga, kwa maana karafuu ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Wao hawataki tunda.

Mbegu ikiisha kutungwa, hubaki safari. Jacaranda zilizopandwa kando ya barabara za Nairobi, ambazo asili yake ni Amerika ya Kusini, huangusha maua ya zambarau mwezi wa Oktoba, kisha hutoa vifuko vikavu vyenye mbegu nyepesi zenye ubawa kama karatasi. Kishona nguo hangoji upepo; atokaye kuchuma kuni karibu na msitu wa Ngong hurudi na mbegu zake katika pindo la suruali, akaketi kizingitini kuzitoa na kuzitupa. Kazi aliyotakiwa kuifanya ameifanya. Gugu maji lililolifunika Bwawa la Nairobi, bwawa lile lililojengwa mwaka 1953 kwenye bonde lililo chini ya Kibera, huzaa kwa njia mbili pamoja: hutoa vitawi vinavyokuwa mimea mipya, tena hutoa mbegu zinazolala topeni miaka mingi. Kuling'oa juu ya maji si kulimaliza.

Lakini safari ya ajabu ni ya mugumo. Katika njia ya Waiyaki, huko Westlands, uko mugumo mkubwa ambao mwezi wa Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru usikatwe, ulipokuwa hatarini kwa ajili ya ujenzi wa barabara kuu ya juu. Watu wengi huupita bila kujua kwamba mti huo huchanua, maana hakuna aliyeona maua yake. Maua yamo ndani ya tunda. Kile kidude cha mviringo ni mfuko uliojaa maua madogo kwa mamia, na mlango wake ni tundu jembamba lenye kubana. Nyigu mdogo kuliko chawa huingia humo akiwa amebeba chavua. Kwa kubanwa kule mabawa yake hukatika, naye hutaga mayai, huyapa maua chavua, na kufa humo humo. Watoto wa kiume huzaliwa bila mabawa, hutoboa njia ya kutokea, nao hawaendi mbali. Wa kike hutoka na chavua na kutafuta mugumo mwingine wenye matunda machanga. Mugumo bila nyigu wake hauna mbegu, na nyigu bila mugumo hana nyumba. Kisha ndege hula tunda na kuangusha mbegu katika panda la mti mwingine. Mizizi hushuka polepole mpaka chini, na hatimaye mwenyeji hubanwa na kufa ndani ya mgeni wake.

Hayo yote ni habari za mimea yenye maua. Kabla ya ua la kwanza kuwako duniani, mimea ilikuwako, nayo ilizaa. Mpaka leo wako walioshika desturi ile ya kale. Penye ukuta wenye unyevu karibu na bomba livujalo, au katika kingo za mito penye kivuli, huota kangaga. Halina ua, halina tunda, halina mbegu. Mtu akigeuza jani lake huona chini yake vidoa vya rangi ya kahawia vilivyopangwa kwa safu, hata wengine hudhani ni ugonjwa. Vidoa hivyo ni vifuko vya spora, nazo ni vumbi la uzazi, laini kuliko unga wa sembe. Kifuko kikikauka hufyatuka na kurusha vumbi lake hewani.

Spora haina baba na mama wawili kama mbegu. Tena haina chakula ndani yake. Mbegu ya harage ni mtoto aliyefungiwa posho. Spora ni mtoto aliyetumwa mikono mitupu. Kwa hiyo nyingi mno hupotea, na mmea hufidia kwa wingi. Ile ianguliayo penye unyevu haioti kangaga mara moja. Huota kwanza kijani kidogo chenye umbo la moyo, kisichozidi ukucha, kimelala juu ya udongo. Katika kijani hicho ndimo zitokeamo chembe za kiume na za kike, nazo za kiume huogelea kwenye tone la maji mpaka kuzifikia za kike. Hapo ndipo kangaga huzaliwa. Pasipo tone la maji hapana arusi, na hii ndiyo sababu kangaga ni nadra penye ukame.

Uyoga nao hutoa spora, tena kwa mabilioni, kutoka katika vile vifundo vyembamba vya chini ya mwavuli wake. Zamani watu wa elimu waliuhesabu pamoja na mimea. Siku hizi wameutenga uwe jamii yake mbali, pamoja na kuvu na ukungu, kwa kuwa haujitengenezei chakula kwa jua bali hula kilichotengenezwa na wengine. Na hapo hotuba yarudi nyumbani kwa mtu, maana spora za kuvu hazina haja ya kungojewa. Zimo hewani saa zote. Mkate uliosahauliwa siku nne juu ya meza ya mtu wa Laini Saba huota manyoya ya kijani, wala hakuna aliyeyapanda, kama vile hakuna aliyeupanda mche wa jaani.

Iko kuvu moja ipendayo punje za mahindi na karanga zilizovunwa zikiwa na unyevu. Hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 walijulikana kuugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa yamehifadhiwa bila kukauka vyema. Na mji haukusalimika kwa kuwa mji: mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu iyo hiyo kuzidi kipimo. Sumu hiyo haionekani, haina ladha ya kumwonya mlaji, wala haiondoki kwa kupikwa. Kidogo kidogo huharibu ini, na watoto hudumaa.

Kwa hiyo mwenye kununua debe la mahindi Kawangware, au kuletewa gunia na ndugu kutoka mashambani, na atende hivi. Asiliweke gunia juu ya sakafu wala kuliegemeza ukutani, maana baridi ya usiku hufanya maji juu ya saruji na mabati. Aliweke juu ya mbao zilizoinuliwa, hewa ipite chini. Achambue punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, au zilizogeuka rangi, kwa kuwa spora huingilia penye jeraha. Na hizo asiwape kuku, maana nao hudhurika. Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mtu asiye na kipimo na atwae chupa ya kioo iliyokauka kabisa, atie mahindi mpaka robo yake, aongeze chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, afunge, na atikise kwa dakika chache. Kisha aiache itulie. Chumvi ikishuka yote chini, mahindi yamekauka kiasi cha kufaa. Ikinata juu ya kioo, unyevu umepita asilimia 15, na gunia lirudishwe juani siku ile ile, juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu.